Msimfungie Mungu Katika Tundu la Kufuli

Iko hoja inayozunguka katika semina za vijana, katika mikutano ya injili viwanjani na katika vipindi vya redio za dini, na sasa imepanda hata katika mimbari za sharika zetu za Kilutheri. Inakwenda hivi. Mwili una homoni, na homoni ni ufunguo. Ndani ya seli kuna kipokezi, na kipokezi ni kufuli. Ufunguo usio na kufuli haufai kitu, na kufuli lisilo na ufunguo ni chuma tu. Kwa hiyo vyote viwili vilitengenezwa siku moja na fundi mmoja, mageuko ya polepole hayawezi kuvileta, na hapo, anamalizia mhubiri huku akifunga Biblia kwa kishindo, Mungu amethibitishwa. Watu wanapiga makofi, na amina zinasikika mpaka barabarani.

Sisi tunaofundisha katika chuo cha theolojia tunasema hoja hii ni mbovu. Ni mbovu kisayansi, na tutaonyesha kwa nini kwa msaada wa papa na taa, samaki ambao mhubiri huyo pengine amewala mara nyingi. Lakini ubovu wake mkubwa zaidi ni wa imani. Inamfundisha Mkristo kumtafuta Mungu pale tu ambapo hakionekani chombo, na kumwondoa kila mahali ambapo chombo kimeonekana. Fundisho la namna hiyo wazee wetu katika imani walikwisha kulikataa katika karne ya 16, nasi hatuoni sababu ya kulipokea leo kwa sababu tu limevaa koti jeupe la maabara.

Tuanze na samaki.

Anayelijua soko la pwani anaijua harufu ya papa. Asipowahiwa, nyama yake hutoa harufu kali ya amonia inayopanda puani. Papa na taa hawana mifupa migumu kama ya changu au sangara. Mifupa yao ni ya gegedu, kitu kilekile kilichopo katika sikio la mtu. Nao wana jambo jingine la pekee: damu yao imejaa yurea, taka ambayo sisi huitoa katika mkojo. Wao huitunza makusudi, ili maji ya mwili wao yasinyonywe na chumvi ya bahari wanamoishi. Samaki akifa, bakteria huivunja yurea ile, na amonia hutokea. Chumvi iliyozidi huitoa kwa tezi ndogo iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Kazi yote hii ya chumvi na maji inahitaji amri, na amri nyingi za mwili husafirishwa na homoni.

Kwetu wanadamu amri kama hizo hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Miongoni mwa homoni zake ziko mbili zinazohusu habari yetu. Kotisoli huuandaa mwili wakati wa dhiki, njaa na ugonjwa, na hutuliza uvimbe. Aldosteroni huiamuru figo itunze chumvi, na kwa njia hiyo huishikilia presha ya damu. Kila moja ina kipokezi chake. Kipokezi ni protini, yaani mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja mpaka ukafanya mfuko mdogo ndani yake. Homoni hupenya ukuta wa seli, huingia katika mfuko ule, protini hubadilika umbo, huenda ikashika DNA, na jeni fulani zikawaka au zikazimika. Hivyo ndivyo tone dogo la kemikali linavyogeuka kuwa tendo la mwili mzima.

Vipokezi hivyo viwili, cha kotisoli na cha aldosteroni, vinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na ndivyo vilivyo. Vyote vilitoka katika jeni moja iliyojirudufu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Samaki wasio na taya, kama lamprei, wana kimoja tu mpaka leo. Papa na taa wana viwili. Katika jamaa zetu wote walio hai, samaki wa gegedu ndio wa mbali kuliko wote wenye jozi hii kamili. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ndugu hawa wawili waliachana vipi, hawezi kuwaruka papa na taa.

Mwaka 2006 Jamie Bridgham, Sean Carroll na Joseph Thornton, waliokuwa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, walichapisha katika jarida la Science kazi ambayo kila mhubiri wa kufuli na ufunguo angepaswa kuijua. Walilinganisha vipokezi vya wanyama wengi, wakiwemo lamprei na taa mdogo wa Atlantiki, wakakadiria mpangilio wa asidi amino katika kipokezi cha babu, kile cha kabla ya kugawanyika. Kisha wakakitengeneza upya na kukijaribu. Wataalamu wa lugha zetu hufanya jambo la jinsi hiyo wanapolinganisha Kiswahili, Kikongo na Kizulu wapate neno la kale la Kibantu. Tofauti ni kwamba hapa neno la kale lilitamkwa tena ndani ya seli hai, na seli zikaitika.

Kipokezi kile cha babu kiliitika aldosteroni. Hapo ndipo kufuli la mhubiri linapovunjika, maana enzi hizo aldosteroni haikuwako. Ni homoni ya wanyama wa nchi kavu na jamaa zao wa karibu. Lamprei hawana, papa na taa hawana. Kumbe kufuli lilifunguka kwa ufunguo ambao ungechongwa mamilioni ya miaka baadaye! Hakuna uchawi wowote hapa. Kipokezi kile kilikuwa na kazi yake tayari, kikipokea homoni ya zamani zaidi yenye umbo linalokaribiana sana na aldosteroni. Aldosteroni ilipokuja ilikuta mlango umekwisha kuwekwa. Ile siku moja ambayo lazima vyote viwili vitokee pamoja haikuhitajika.

Kuachana kwa ndugu wawili nako kulichunguzwa. Kipokezi cha kotisoli kilipoteza uwezo wa kuisikia aldosteroni, na watafiti waligundua kwamba mabadiliko mawili ya asidi amino yalifanya sehemu kubwa ya kazi: mahali pamoja serini ilipisha prolini, mahali pengine leusini ilipisha glutamini. Badiliko la pili likija peke yake, kipokezi kinakufa. La kwanza likitangulia, kipokezi kinadhoofika lakini bado kinafanya kazi, na la pili likifuata, kinakuwa kipokezi cha kotisoli kisichoijali tena aldosteroni. Yaani njia iko, hatua kwa hatua, na katika kila hatua mnyama anaishi.

Sasa mtazameni taa. Kipokezi chake kilicho ndugu wa kipokezi chetu cha kotisoli hakijabagua. Kinaitika aldosteroni kama kile cha babu, ila usikivu wake umepungua, kinahitaji homoni nyingi zaidi ndipo kiamke. Jeni imekwisha kujirudufu, ndugu mmoja amekwisha kudhoofika, lakini bado hajachagua kazi yake maalumu. Taa si babu yetu, tusielewane vibaya. Ni binamu wa mbali aliyebaki na hali ambayo babu yetu wa pamoja alikuwa nayo. Mhubiri anasema hatua ya kati haiwezekani, mnyama wa namna hiyo angekufa. Mnyama mwenyewe anaogelea baharini, anataga mayai, anavuliwa na kuliwa.

Yapo mengine. Katika miaka ya 1960 wanakemia walitambua katika damu ya papa na taa homoni ya jamii hii ambayo wanyama wengine hawana, na inaelekea hubeba kazi zote mbili, ya dhiki na ya chumvi. Makufuli mawili, ufunguo mmoja. Mwaka 2014 ilichapishwa jenomu nzima ya samaki mwingine wa gegedu, Callorhinchus milii wa bahari za kusini mwa Australia na New Zealand, ambaye watu humwita papa-tembo kwa sababu ya pua yake. Mwaka 2019 Yoshinao Katsu, Michael Baker na wenzao walionyesha kwamba kipokezi cha chumvi cha samaki huyo kinawashwa na projesteroni, homoni tunayoijua zaidi kwa kazi ya mimba. Kwa binadamu projesteroni inakizuia kipokezi hicho. Na spironolaktoni, kidonge wanachokimeza washarika wetu wenye moyo uliochoka na miguu iliyovimba, kwa binadamu kinakizuia, kwa papa-tembo kinakiwasha. Ufunguo uleule, huku unafunga, kule unafungua.

Na msidhani mambo haya yako baharini tu. Kipokezi chetu wenyewe cha aldosteroni kinaipokea kotisoli vizuri vilevile, na kotisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni kwa mbali sana. Kinachoiokoa figo ni kimeng'enya kinachokaa katika seli zake na kuigeuza kotisoli iwe kitu kisichoingia katika mfuko. Mtu akila likorisi kwa wingi, ule mzizi mtamu wa dukani, kimeng'enya hicho kinazuiwa, kotisoli inaingia kwa nguvu, na presha inapanda. Kufuli linalofunguka kwa ufunguo wa jirani, likahitaji mlinzi amesimama mlangoni! Fundi wa makufuli mjini akikuuzia la namna hiyo utamrudishia. Mfano wa kufuli na ufunguo ulitolewa na mwanakemia Emil Fischer mwaka 1894, akizungumzia vimeng'enya, nao ulimsaidia kufikiri. Hakuutoa uwe nguzo ya imani ya mtu yeyote.

Inafaa tuseme pia hoja hii imetoka wapi, kwa kuwa wengi wanaoitumia hawajui. Mzizi wake wa siku hizi ni kitabu cha Michael Behe, mwanabiokemia Mmarekani, kilichotoka mwaka 1996, kinachodai kwamba iko mifumo ya mwili isiyoweza kupunguzwa sehemu hata moja na kwamba mageuko hayawezi kuijenga. Behe ni Mkatoliki na ni msomi, na tunamheshimu kwa kusema wazi anachokiamini. Lakini wanaomkopa wamekopa nusu. Yeye mwenyewe anakubali kwamba viumbe wana asili moja, yaani kwamba sisi na papa ni jamaa. Mhubiri wa uwanjani angemtoa nje kabla hajamaliza sentensi hiyo. Mwaka 2005 Behe alitoa ushahidi mahakamani Pennsylvania, katika kesi ya wilaya ya shule ya Dover, upande uliotaka fikra hizi ziingie darasani. Upande wa pili alisimama Kenneth Miller, mwanabiolojia, Mkatoliki pia. Hukumu ilikwenda kinyume na wilaya ya shule. Kazi ya Thornton ilipotoka mwaka uliofuata, Behe alijibu kwamba homoni na kipokezi chake si mfumo wa aina aliyokuwa akiizungumzia. Haya. Mwenye hoja amejitoa, na wakopaji wake bado wanahubiri kufuli na ufunguo!

Mwaka 2009 kundi lilelile la Thornton lilionyesha kwamba kipokezi cha kotisoli, kikisha kubadilika, hakiwezi kurudi kirahisi kilikotoka, kwa kuwa mabadiliko mengine matano yaliyofuata yalikuwa yameziba njia. Behe aliishika habari hiyo na kuisoma kama ushahidi kwamba mageuko hayana uwezo. Thornton alimjibu kwamba hakuisoma sawasawa, na sisi, ingawa si wanabiolojia, tunaona wazi kosa liko wapi. Mto ukifurika nyuma yako ukabomoa daraja, hutarudi ulikotoka, lakini hilo halina maana kwamba hukuvuka.

Kwa habari ya sayansi inatosha. Tuje nyumbani kwetu.

Mtoto wa kipaimara katika Kanisa letu hujifunza Katekisimu Ndogo ambayo Luther aliitoa mwaka 1529. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani anajifunza kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye, mwili wake, macho yake, akili yake, na kwamba anampa nguo, chakula na nyumba. Mtoto huyo anamjua mama yake aliyemzaa. Anamjua mkunga. Anajua mahindi yalilimwa wapi na nani aliyeshona shati lake. Katika miaka yote tuliyofundisha kipaimara hatujapata kumwona mtoto akisimama kusema, Mchungaji, kwa kuwa nesi aliniona nikizaliwa, basi Mungu hakuwepo. Watoto wanaelewa. Zaburi ya 104 inasema simba hutafuta chakula chao kwa Mungu, na kila aliyefika Serengeti amemwona simba akinyemelea, akikimbia, akikosa na kulala njaa. Mtunga Zaburi naye alikuwa akiwajua simba. Hakuona mgongano wowote.

Luther aliviita viumbe vinyago ambavyo Mungu hujifunika navyo akitenda kazi. Mkulima, hakimu, mama, mvua, vyote ni vinyago vyake. Na katika Mwanzo sura ya kwanza, Mungu anaiambia nchi itoe mimea na wanyama, anayaambia maji yajae viumbe hai. Anaumba kwa kuviagiza vyombo vyake. Anayesoma sura hiyo kisha akasema kwamba chombo kikionekana Mungu ametoka, amesoma sura nyingine.

Mwaka 1537, katika Makala ya Schmalkalden, Luther aliwashambulia vikali wale waliotaka Mungu aje kwao moja kwa moja, bila Neno la nje, bila maji, mkate na divai. Alishikilia kwamba Mungu hashughuliki nasi ila kwa vitu hivyo vya nje vinavyoshikika. Tunabatiza kwa maji ya bomba. Tunapokea mwili na damu ya Kristo katika mkate ambao msharika fulani aliuoka jikoni kwake, na divai iliyonunuliwa kwa risiti na mtunza hazina. Kanisa linaloamini hivyo Jumapili lina sababu gani ya kuogopa, Jumatatu, kwamba Mungu alitumia jeni iliyojirudufu? Dharau kwa njia za Mungu ni ileile, iwe inasema juu ya ubatizo au juu ya kipokezi cha taa. Tunashangaa kuiona ikipigiwa makofi katika majengo yenye waridi la Luther ukutani.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa gerezani Berlin, aliandika mwezi Mei 1944 kwamba ni kosa kumtumia Mungu kuziba mapengo ya ujuzi wetu. Mapengo yanazidi kusogezwa, na Mungu wa namna hiyo anasogezwa nayo, anarudi nyuma daima. Alitaka tumpate Mungu katika yale tunayoyajua. Mwezi Aprili 1945 aliuawa na watawala wa Kinazi. Hakuwa mtu wa kulegeza imani ili apendwe na wasomi.

Mapengo yanaposogea, wanaoumia ni watoto wetu. Tumeketi na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia, binti wa familia ya Kikristo, mwimbaji wa kwaya. Katika semina ya Pasaka alifundishwa kufuli na ufunguo, akaandika yote katika daftari, akawafundisha wenzake. Miezi michache baadaye, darasani, alisoma habari za kipokezi cha babu. Hakuja kwetu kubishana. Alikuja na swali moja: kufuli likishafunguka, Mungu anakwenda wapi? Tulikaa naye saa mbili. Wengine hawaji kabisa. Wanamaliza chuo wakiwa na Ukristo wa harusi na misiba, wakiamini kwamba Kanisa liliwadanganya, na katika jambo hili hawajakosea. Augustino, aliyejua mengi juu ya vijana wenye akili, alionya karne nyingi zilizopita kwamba Mkristo akisema upuuzi juu ya mambo ya asili mbele ya wanaoyajua, watashindwa kumwamini atakapowaambia juu ya ufufuo. Binti yule alikuwa karibu kufika hapo.

Wapo na wanaoumia mwilini. Kipokezi cha kotisoli tulichokizungumza ndicho kinachopokea prednisoloni, dawa wanayopewa wenye pumu kali, wenye lupasi na wengine wengi. Mtu akiimeza kwa muda mrefu, tezi zake za juu ya figo hulala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na kidonge. Akikiacha ghafla, tezi haziamki upesi, presha inashuka, na anaweza kufa. Kila daktari anajua kwamba dawa hii hupunguzwa polepole. Halafu mhubiri anawaita wagonjwa waje waache vidonge madhabahuni kama ushuhuda wa uponyaji! Hatusemi kwamba kila anayehubiri kufuli na ufunguo anafanya hivyo. Tunasema mafundisho haya mawili ni ndugu kama vile vipokezi viwili. Yote yanaamini kwamba pale chombo kinapofanya kazi, Mungu hafanyi. Mchungaji anayeona mambo haya katika usharika wake akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mtu wa imani haba, atayaeleza siku ya maziko.

Mwezi Juni 2020, dunia ikiwa katika hofu ya korona, jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ya jamii hiyohiyo, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Dawa ile ilifanya kazi kwa kuingia katika kipokezi ambacho nduguye yumo katika taa. Ni ibada ngapi za shukrani zilizolitaja jambo hilo? Sisi tulilitaja katika sala, na mtu mmoja alituuliza baadaye kama ilikuwa halali kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho madaktari wamekieleza.

Upande wa pili nao wako, wanaosoma kazi ya Thornton kisha wakatangaza kwamba Mungu amefukuzwa. Hatutatumia maneno mengi juu yao. Wanamwamini Mungu yuleyule wa mapengo, ila wao wanafurahi kwamba pengo limezibwa. Wakisema mabadiliko yale yalikuwa ya bahati, tunawaambia wasome Mithali 16:33 juu ya kura inayotupwa na anayeamua. Kama neno bahati lingekuwa linamfukuza Mungu, mitume wasingempata Mathiya kwa kura.

Swali zito zaidi wanalo wanaouliza juu ya vifo. Miaka milioni 400 ya papa kula na kuliwa, ya vipokezi vilivyoharibika na wanyama waliokufa navyo: Mungu mwema anaumbaje kwa njia hiyo? Hapo hatuna hoja ya kupigiwa makofi. Katika mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518 Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu, anayetaka kumsoma Mungu waziwazi katika uzuri wa vitu vilivyoumbwa, na mwanatheolojia wa msalaba, anayemjua Mungu mahali ambapo hakutarajiwa, katika mateso na kifo cha Kristo, na anayekiita kitu jina lake halisi. Mhubiri wa kufuli na ufunguo anataka utukufu. Anataka Mungu aliyeacha alama ya kidole mahali ambapo kila mwenye akili ataiona na kukubali, bila msalaba, bila Neno. Mungu wa namna hiyo, hata akithibitishwa, angekuwa fundi stadi tu. Asingekuwa na lolote la kumwambia mgonjwa ambaye tezi zake hazikuamka.

Tunalo ombi moja kwa wazee wa sharika na kamati za vijana wanaoandaa semina. Mkimwalika mnenaji wa kufuli na ufunguo, na tunajua mtamwalika, maana anajaza viti, mwalikeni pia mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari iliyo karibu. Katika sharika nyingi yumo tayari, anakaa viti vya nyuma kila Jumapili, anatoa sadaka, anaimba besi, na miaka yote hii hajaulizwa neno juu ya kazi yake. Mpeni kipaza sauti kwanza, kabla ya mgeni, na vijana waruhusiwe kuuliza.